Kuchagua Kijiko cha Mbele cha Trekta: Uzito, Leva na Usalama

Mazungumzo na wakulima na wafugaji wa Kata ya Kikwe, Halmashauri ya Wilaya ya Meru



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kipakizi cha mbele cha trekta, chombo ambacho wengi wetu tunakiita kijiko. Sitawatajia kampuni ya kununua wala ya kukwepa. Kazi yangu ni kuwapa maswali ambayo mnunuzi anapaswa kuyauliza kabla hajatoa fedha, na kueleza kwa nini kila swali lina uzito wake.

Haja ya chombo hiki hapa Kikwe haihitaji kuelezwa. Samadi hulundikana mazizini ikisubiri kupakiwa. Baada ya mavuno, mabua ya mahindi hukusanywa huku tambarare na kupandishwa kwa wafugaji wa mitelemko ya Mlima Meru wanaolisha ng'ombe wao bandani. Mvua za masika zikipita, mifereji ya umwagiliaji hujaa mchanga na tope. Kazi hizi kwa kawaida hufanywa kwa koleo, beleshi na migongo ya watu. Ni haki, basi, mtu mwenye trekta kutamani kijiko. Lakini kijiko ni gharama kubwa, na mara nyingi hununuliwa kwa mkopo uliowekewa shamba au nyumba kuwa dhamana. Mkopo hausubiri mvua. Chombo kisichofaa kinaweza kumharibia mtu trekta, kumkosesha ardhi, na hata kumtoa roho dereva. Ndiyo maana tunalizungumza jambo hili kwa kirefu.

Tuanze na kazi, si na chombo

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari uandike mambo matatu: unataka kunyanyua nini, kina uzito gani, na unataka kukifikisha juu kiasi gani. Watu wengi hutazama ukubwa wa ndoo ya kijiko na kudhani kuwa ndoo kubwa ndiyo bora. Uzito, hata hivyo, hautokani na ukubwa wa ndoo peke yake. Ndoo ya lita 400 ikijaa maji hubeba kilo 400. Ikijaa samadi mbichi, uzito wake hukaribia huo. Ikijaa mchanga uliolowa, uzito hufika takriban kilo 750. Ikijaa mabua makavu, hupungua sana. Ndoo ni ileile, lakini mchanga ni karibu mara mbili ya maji. Mwenye kazi ya mabua anaweza kuchukua ndoo pana. Mwenye kazi ya kuzibua mifereji na kupakia mchanga anahitaji ndoo ndogo yenye mdomo imara.

Kisha pima kimo cha bodi ya lori au tela unalopakia. Kijiko kinachofika juu ya bodi kikiwa kimelala sawasawa huenda kisiweze kumwaga, kwa kuwa ndoo inapoinama mdomo wake hushuka chini. Mwulize muuzaji: ndoo ikiwa imeinamishwa kumwaga, mdomo wake uko juu ya ardhi kwa kiasi gani? Kimo hicho ndicho cha kulinganisha na bodi ya lori lako.

Kilo zinazotajwa kwenye karatasi

Karatasi ya mauzo itakuambia kuwa kijiko kinanyanyua kilo kadhaa. Usiikubali namba hiyo mpaka uulize mambo mawili. Kwanza, imepimwa wapi? Wengine hupima kwenye pini inayoshika ndoo, wengine hupima mbele zaidi, palipo katikati ya mzigo. Kipimo cha kwenye pini huonekana kikubwa zaidi, lakini mzigo wako haukai kwenye pini. Pili, imepimwa kwa kimo gani? Vijiko vingi hunyanyua uzito mkubwa karibu na ardhi na uzito mdogo zaidi vikifika juu. Anayepakia lori anahitaji namba ya juu kabisa. Tena, uliza kama uzito wa ndoo yenyewe umekwisha kutolewa, kwa maana chuma cha ndoo nacho ni mzigo.

Trekta lako linaweza?

Kijiko hakifanyi kazi peke yake, kinaegemea trekta. Chukua mfano wa trekta ambalo ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kwa mita 2. Kijiko kimebeba kilo 500, na kitovu cha mzigo huo kiko mita 1.5 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma hupunguziwa kilo 375, na ya mbele huongezewa kilo 875, yaani zile 500 za mzigo pamoja na 375 zilizohama kutoka nyuma. Hapo bado hatujahesabu uzito wa mikono ya kijiko na ndoo yake.

Maana yake ni hii. Katika trekta linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, magurudumu hayo hupoteza mshiko wakati hasa mzigo umeongezeka. Na kwa kuwa matrekta mengi yana breki kwenye magurudumu ya nyuma pekee, breki nazo hudhoofika. Dereva anayeteremka na ndoo iliyojaa anaweza kukanyaga breki asiuone msaada wake. Wakati huohuo ekseli ya mbele, bushi zake na matairi yake hubeba mzigo ambao huenda havikuundiwa.

Tiba yake ni uzito wa kusawazisha unaofungwa nyuma. Tukifunga kilo 400 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huongezewa kilo 600 na ya mbele hupunguziwa kilo 200. Mizani inarudi. Kwa hiyo, mwenye kununua kijiko bila kununua uzito wa nyuma amenunua nusu ya chombo. Uliza pia kama trekta lina usukani wa pawa, kwani kugeuza magurudumu ya mbele yaliyoelemewa kwa nguvu za mikono tu ni mateso. Na uliza ekseli ya mbele inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Trekta linalosukumwa na magurudumu yote manne hufaa zaidi kwa kazi hii, hasa kwenye udongo wetu wa volkano ambao ni vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika.

Angalia vilevile kijiko kinavyofungwa. Fremu yake iwe ndefu, ishike trekta mbele na kurudi nyuma kuelekea ekseli ya nyuma. Kijiko kilichofungwa mbele tu, kwa boliti chache, hupeleka nguvu zote kwenye sehemu za chuma cha kusubu zinazounganisha injini na gia. Chuma cha aina hiyo hakipindi, hupasuka.

Pampu ya haidroliki

Kasi ya kijiko hutokana na wingi wa mafuta yanayosukumwa na pampu kwa dakika. Tuseme kijiko kina jeki mbili za kunyanyulia, kila moja yenye kipenyo cha ndani cha milimita 60 na mwendo wa milimita 600. Jeki hizo mbili hunywa takriban lita 3.4 za mafuta ili kupanda mpaka mwisho. Pampu ya lita 17 kwa dakika itazinyanyua kwa sekunde 12. Pampu ya lita 40 kwa dakika itazinyanyua kwa sekunde 5 hivi. Sekunde 7 ni chache kwa ndoo moja, lakini kwa ndoo 100 kwa siku ni karibu dakika 12 za dizeli inayoungua huku dereva akisubiri, na hiyo ni ya kupanda tu.

Matrekta mengi ya zamani yana pampu ndogo iliyokusudiwa kunyanyua jembe la nyuma tu. Wapo wauzaji watakaokuambia kuwa unaweza kuongeza presha ya pampu. Presha huongeza nguvu ya kunyanyua. Haiongezi kasi, na ikizidi kiwango cha mtengenezaji hupasua mipira na sili. Kama pampu haitoshi, suluhisho ni kufunga pampu ya ziada, na gharama yake ihesabiwe katika bei tangu mwanzo.

Leva na namna ya kukiongoza kijiko

Sasa tufike mahali ambapo mkono wa dereva unakutana na chombo. Vipo vijiko vyenye leva mbili, moja ya kunyanyua mikono na nyingine ya kuinamisha ndoo. Vipo vyenye leva moja inayokwenda pande nne. Kwa kawaida, kuivuta nyuma hunyanyua, kuisukuma mbele hushusha, kuipeleka kushoto hukunja ndoo, na kuipeleka kulia humwaga. Leva mbili ni rahisi kwa bei na kwa matengenezo, na kwa kazi chache za msimu zinatosha. Kwa anayepakia kila siku, leva moja ni bora, kwa kuwa mkono mmoja hufanya kazi zote mbili na mwingine hubaki kwenye usukani. Dereva anayelazimika kuuachia usukani ili anyanyue ndoo yumo hatarini.

Hakikisha leva ikiachwa inarudi yenyewe katikati na kijiko kinasimama. Leva inayobaki mbele au nyuma baada ya kuachwa haifai, isipokuwa katika hali moja tu nitakayoieleza sasa.

Hali hiyo huitwa kuelea. Leva inaposukumwa mbele kupita hatua ya kawaida ya kushusha, mafuta huwa huru kuingia na kutoka kwenye jeki, na ndoo huifuata ardhi kwa uzito wake yenyewe. Hali hii ni nzuri sana kwa kukwangua samadi kwenye sakafu ya zizi au kusawazisha njia, kwani ndoo haichimbi wala hainyanyui magurudumu ya mbele. Lakini mzigo ukiwa juu, kuelea ni kuanguka: mikono hushuka kama jiwe. Kwa hiyo uliza kama leva ina kizuizi kinachohisiwa na mkono kabla ya kuingia katika kuelea. Uliza pia kama ina kufuli ya kuizuia isisogee trekta linapokuwa barabarani, au mtoto anapopanda kuchezea.

Usitosheke na maelezo. Keti kitini wewe mwenyewe, au mkalishe dereva wako. Mkono wa kushoto uwe kwenye usukani, wa kulia kwenye leva, miguu kwenye klachi na breki. Je, goti linagonga leva? Je, unaiona pembe ya ndoo, au mikono ya kijiko imekuziba? Je, unapobadilisha gia kwenda rivasi leva inakukwaza? Kupakia ni kwenda mbele na kurudi nyuma kutwa nzima, na trekta lenye gia ngumu ya kurudi nyuma humchosha dereva kabla ya jua la adhuhuri. Maandishi au alama za leva ziwe ni zile dereva anazozielewa.

Yapo mambo ya ziada yatakayokushawishi. Moja ni mfumo wa kuisawazisha ndoo yenyewe inapopanda, ili mzigo usimwagike nyuma. Kwa mwenye kunyanyua kreti za nyanya, marobota ya majani au mifuko iliyopangwa, mfumo huo una faida ya kweli. Kwa mwenye kazi ya samadi na mchanga, huongeza bei, uzito na pini za kupaka grisi. Jingine ni kiungo cha kubadilisha zana haraka, ndoo itoke na uma uingie. Kina faida, ila viungo hivyo ni vya aina tofauti na haviingiliani vyote. Kabla ya kununua uma wa bei nafuu mahali pengine, hakikisha unaingia kwenye kijiko chako, na kwamba dereva anaiona kufuli yake akiwa kitini. La tatu, na hili nalisisitiza, ni urahisi wa kukifungua kijiko chote. Msimu wa kulima ukifika utataka kukitoa, na kijiko kisicho na miguu yake ya kusimamia kitabaki kwenye trekta mwaka mzima kikiilemea ekseli.

Usalama usiokatiwa bei

Trekta la kijiko liwe na fremu ya kumlinda dereva linapopinduka, na mkanda wake ufungwe. Dereva asafiri na ndoo ikiwa chini, karibu na ardhi, hata kama shimo ni moja na njia ni fupi. Robota la mviringo lisibebwe kwa ndoo tupu, maana mikono ikipanda robota hurudi nyuma na kumwangukia dereva; linahitaji uma na kishikizo. Nyaya za umeme ziangaliwe kabla ya kunyanyua.

Ndoo haikuundwa kubeba watu. Isitumike kuchumia parachichi, kupaka rangi ukuta wala kumpeleka mtoto shuleni. Asipite mtu chini ya mikono iliyonyanyuliwa. Fundi anayelazimika kufanya kazi chini yake aweke kwanza nguzo ya chuma ya kuizuia, na muuzaji aulizwe kama nguzo hiyo imo katika vifaa. Na mpira wa haidroliki unaovuja usipapaswe kwa kidole. Mafuta yenye presha hupenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, na jeraha hilo huonekana dogo ilhali mtu anaweza kupoteza mkono. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa ileile.

Kijiko kilichotumika

Wengi wetu tutanunua kilichotumika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi mpya isikupumbaze. Mara nyingine imepakwa kufunika ufa. Kagua maungio ya kuchomelea, hasa palipo na pini. Simama mbele utazame kama mikono yote miwili iko sawa. Tikisa ndoo uone kama pini zinacheza ndani ya bushi. Kagua fimbo za jeki: zikiwa na mikwaruzo au kutu, zitakata sili, na vumbi letu la volkano litamalizia kazi. Kisha nyanyua mzigo kwa kimo cha kiasi, zima injini, weka alama, usubiri dakika 10 ukiwa umesimama mbali. Kushuka kidogo ni kawaida. Kushuka kwa kuonekana wazi kunaonyesha jeki au vali imechoka.

Arusha ina mafundi wenye mikono mizuri wanaoweza kuunda kijiko. Ukimwendea fundi, mtake aandike kijiko kitabeba kilo ngapi, na kijaribiwe kwa uzito huo mbele yako. Hapohapo Arusha kipo Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, ambacho kazi zake ni pamoja na kuzifanyia majaribio zana za kilimo. Kuomba ushauri wa wataalamu kabla ya kununua ni nafuu kuliko kuuomba baada ya hasara.

Haki zako na karatasi zako

Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kuutegemea utaalamu wake: bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ukiagiza kwa kutaja jina la biashara tu, kinga hiyo hupungua. Kwa hiyo andika barua fupi: "Nina trekta la aina hii, la mwaka huu, nataka kijiko cha kupakia samadi na mchanga kwenye lori lenye bodi ya kimo hiki." Muuzaji aweke sahihi, nawe ubaki na nakala. Kauli za udanganyifu kwa mlaji zimekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko.

Dai risiti ya EFD inayoonyesha bei kamili, waranti iliyoandikwa muda wake na yale isiyoyahusu, na kitabu cha maelekezo. Uliza sili, mipira na pini vinapatikana wapi na kwa siku ngapi. Na malipo ya mwisho yafanyike baada ya kijiko kufungwa kwenye trekta lako na kunyanyua mzigo wako mbele ya macho yako.

Je, ununue?

Huenda jibu likawa hapana. Kwa msimu mmoja, andika katika daftari siku ambazo ungekitumia kijiko, na fedha unazolipa vibarua au za kukodi. Jumlisha, kisha linganisha na marejesho ya mkopo, mafuta, grisi na matairi ya mbele yatakayokwisha mapema. Kama siku ni chache, kodi. Kama ninyi ni jirani kumi wenye siku chache kila mmoja, kikundi kinaweza kununua kimoja, mradi mwandike kabla nani dereva, nani anatunza, na fedha za matengenezo zinawekwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama hesabu inaonyesha kuwa kijiko kitajilipa, kinunue bila hofu, ukiwa na majibu ya maswali yote tuliyoyapitia.

 Sasa nakaribisha maswali yenu.